Nani Alimtoa Bi Siwema?

Sogeeni karibu, na mwenye haraka ya kujibu aume ulimi kwanza.

Bi Siwema wa Ujiji alikuwa na watoto watatu, na wote walisomea saikolojia, elimu ya nafsi ya mtu. Hawakukubaliana hata siku moja. Rukia aliamini maradhi ya nafsi yana mzizi mwilini. Sudi aliamini dawa ya mtu ni kusikilizwa. Mwamvua, kitinda mimba asiyejua kukaa kitako, aliamini woga hautoki mpaka mtu atende.

Soko lilipoungua, Bi Siwema aliponea chupuchupu. Tangu hapo hakuvuka kizingiti cha nyumba yake.

"Atakayenitoa humu," alisema, "ndiye nitakayekwenda kuishi naye."

Wote walimtaka mama, na Mwamvua kuliko wote, maana kwake walikuwa yeye na mwanawe Tabu tu, na upweke ulimchosha.

Rukia alimleta daktari. Mama akameza vidonge, mikono ikaacha kutetemeka, usingizi ukarudi. Mlangoni hakufika.

Sudi alikaa naye kila jioni. Mama akausimulia moto ule mpaka akalia, akahisi ametua mzigo. Mlangoni alifika, akarudi.

Mwamvua alizunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Subira ilimshinda. Asubuhi moja akapiga ukelele barabarani: "Mama! Tabu kagongwa na pikipiki!"

Bi Siwema alitoka mbio, pekupeku, kichwa wazi, hadi njia panda. Akamkuta mjukuu anatafuna muhogo. Akatazama huku na huku, kumbe yuko nje! Akacheka, kisha akalia.

"Bila vidonge, moyo ungempasuka," alisema Rukia.

"Bila kuusema ule moto, angeishia kizingitini," alisema Sudi.

"Na bila mimi angekuwa ndani hadi leo!" alijibu Mwamvua. Lakini aibu ilimshika, kwa sababu mama hakumtazama.

Sasa Bi Siwema huenda atakako. Juzi Tabu alianguka kweli, akavunjika mkono. Mwamvua akaita kwa uchungu, "Mama! Njoo, mtoto kaumia!"

Bi Siwema akaendelea kupepeta mchele.

Ahadi ni deni, na mabegi ya mama yameshafungwa. Haya, nyie mliokaa kimya: aende kwa nani? Je, wewe ungeamua vipi?