Kungwi wa Mashine

"Aliyemvumilia mwali amvumilie na kungwi." Haya, mnacheka. Nimemwambia hivyo mjukuu wangu Shamila aliponipokonya simu kwa sababu nimebonyeza pasipotakiwa, nanyi mnataka kujua maneno hayo nimeyatoa wapi. Kaeni. Yalizaliwa kiwandani, nami nilikuwepo.

Tulikuwa wanawake sitini, huku kwetu Kusini, tukichambua korosho kwa mkono. Nzima huku, zilizovunjika kule, zenye madoa chini. Siku moja ikaletwa mashine yenye kamera na ile wanayoiita akili mnemba. Haikujua kitu. Meneja akatuambia tuifunze: inaonyesha picha ya korosho, wewe unabonyeza kijani kama nzuri, nyekundu kama mbaya. Kutwa nzima.

Sisi tumechezwa unyago, tunajua anayefunzwa huitwaje. Tukaiita Mwali. Mkubwa wetu, Bi Somoe, ndiye akawa kungwi wake. Mwali akitupa korosho nyeupe, nzima, kwenye takataka, Bi Somoe huiokota, akaipuliza, akamwambia, "Taratibu, mwanangu. Hii ndiyo nzuri." Tulipolalamika kwamba anatuchelewesha, meneja alijibu, "Ndiyo kwanza anajifunza. Mvumilieni."

Tukamvumilia miezi tisa.

Mnajua mwali akitoka ndani, kungwi hutunzwa: khanga, kuku, vigelegele. Mwali wetu alipotoka, kungwi alipewa barua ya kuachishwa kazi. Barua hamsini na sita, asubuhi moja. Majina yote ninayo kichwani, sijasahau hata moja.

Tukaenda kushinda mlangoni mwa serikali mpaka ikatuletea mafunzo ya kuendesha na kutengeneza mashine zilezile. Msije mkaambiwa ilikuwa huruma, tuliwachosha. Na muda waliotupa? Wiki mbili. Atakayeshindwa jina linakatwa, hana tena njia ya kurudi kiwandani. Bi Somoe alikuwa akilea wajukuu watatu peke yake, na kazi ile ndiyo iliyokuwa sufuria yao.

Siku ya kumi na mbili akaambiwa aiwashe mashine. Akabonyeza pasipotakiwa, ikazimika. Akarudia, ikazimika. Afisa aliyetufundisha, kijana mmoja akiitwa Nambunga, akachukua kalamu.

"Mama, nenda kapumzike. Kichwa kimeshachoka hicho. Tumpe nafasi kijana."

Nilitaka kumrukia. Bi Somoe akanishika mkono.

"Baba," akamwambia, "huyu Mwali ulimkuta anajua kazi?"

"Nilimkuta anajua, mama."

"Nani alimfunza?"

Afisa akaitazama karatasi yake ya majina.

"Mimi. Alikosea mara elfu, nikaambiwa ndiyo kwanza anajifunza. Yeye chuma, kapewa miezi tisa. Mimi mtu nimekosea mara mbili, unanikata. Hapana, baba. Aliyemvumilia mwali amvumilie na kungwi."

Huko nyuma mtu akapiga kigelegele. Mwingine akaanzisha wimbo wa kumtoa mwali, darasa zima likaitikia. Afisa akakaa chini, kalamu mkononi. Mwisho akaifunika.

"Miezi tisa?" akauliza.

"Tisa. Hata siku sizidishi."

Akawaandikia wakubwa wake, nasi hatukutoka darasani siku nne, mpaka jibu liliporudi: miezi tisa, kwa kila mtu.

Mwezi wa tatu Bi Somoe aliiwasha. Mwezi wa saba aliifungua tumbo, akaitengeneza. Tuliorudi kazini tulikuwa ishirini tu, maana nafasi zilikuwa hizo, na hao wengine thelathini na sita msiwasahau, maana mimi siwasahau. Lakini Bi Somoe alirudi, na mpaka anastaafu, Mwali akikosea utamsikia, "Taratibu, mwanangu." Hata Nambunga, kila alipopita kukagua, alimwamkia, "Shikamoo, kungwi."

Haya, Shamila, lete hiyo simu. Unanionyesha mara mbili tu umeshanuna! Wewe kushika kijiko ulijifunza kwa nani? Uji ulimwagia kifua cha nani, mwaka mzima, nami nikakwambia taratibu, mjukuu wangu? Basi njoo, kaa hapa karibu, unionyeshe tena.

Aliyemvumilia mwali amvumilie na kungwi.