Shangazi za Bwana Kinyogoli

Uji wa vikongwe wasio na mlezi ulikuwa umekwisha, likaitishwa baraza la kujadili kuongeza ushuru wa soko ili walishwe. Bwana Kinyogoli, mwenye maduka karibu yote, akapinga.

"Kila mtu alee kikongwe wake!"

Sikudhani, muuza mihogo, akasimama kwa adabu. "Umenena, bwana mkubwa. Hata shangazi?"

"Shangazi ni baba wa kike! Anayemtupa ana laana."

Sikudhani akaongoza makofi, kisha akawageukia vikongwe waliokaa nyuma.

"Bibi zangu, mmesikia. Si huyu aliyeapa hapahapa kwamba nyote ni shangazi zake, akapewa shamba la ukoo wenu? Kunjeni mikeka, mwende kwake."

Wakakunja.

"Huo ushuru," akauliza Kinyogoli, "mlisema uongezwe kiasi gani?"