Watatu wa Kifungu cha Tisa

Ijumaa, saa sita kamili mchana, Kifungu cha Tisa kilipita. Hakuna nchi iliyovunja kimya.

Asiyeijua kazi ile atauliza: kimya gani? Baraza la Dunia la Magonjwa Sugu na Afya ya Akili, lenye makao yake Arusha, halipigi kura. Andiko hutumwa kwa nchi zote na saa hutajwa. Nchi moja ikisema "hatukubali" kabla ya saa hiyo, andiko limekufa. Zote zikinyamaza, limepita.

Kifungu chenyewe, cha tisa katika mkataba wa baraza, kilisema jambo dogo: mwenye sukari au presha ambaye pia anaugua akili atibiwe katika zahanati moja, siku moja. Kwa miaka mingi watu wa sukari na watu wa akili walikuwa wakirushiana mgonjwa huyo kama mpira, na wapo waliofia kati ya foleni mbili.

Kifungu kilizaa kiti: mkurugenzi wa idara mpya. Mkuu wa baraza, Bi. Tunu Mwaipaja, alitakiwa kupeleka jina kwa wajumbe Jumatatu. Jina moja. Alijua kwamba akikosea, kifungu kitabaki karatasi na wagonjwa watarudi kwenye foleni zao. Na waliokipitisha walikuwa watu watatu, kila mmoja na kipaji chake, wasiopendana hata kidogo, na wote walikitaka kiti.

Wa kwanza ni Dkt. Sikudhani Mbwilo, daktari wa akili kutoka Mbeya. Kipaji chake ni kalamu. Akiandika sentensi, mwanasheria huizunguka kutwa asipate pa kuingilia. Kabla yake kamati ziliandika rasimu nyingi, zikafa zote, kwa sababu kila nchi ilizisoma ilivyotaka. Yake ilisomwa namna moja tu. Lakini katikati ya mazungumzo aliwaambia waandishi wa habari kwamba mabalozi wa nchi kubwa ni madalali wa dawa. Nchi sita zikaondoka mezani.

Aliyezirudisha ni Profesa Athmani Faki, bingwa wa sukari kutoka Pemba. Kipaji chake ni ulimi. Alizifuata moja moja, akala nazo, akacheka nazo, akaomba radhi kwa niaba ya mtu ambaye hakumtuma. Zikarudi zote, kwa sharti kwamba palipoandikwa "dawa bure" paandikwe "dawa kwa bei ambayo mgonjwa anaimudu". Athmani alikubali. Sikudhani aliyasoma mabadiliko hayo siku moja na watu wengine wote.

Wa tatu hakuandika wala hakubembeleza. Balozi Musimbi Lugonzo aliiwakilisha nchi yake, na tangu mwanzo alikipinga kifungu waziwazi. Alisema zahanati za kwao hazina mhudumu wa kupima presha, sembuse wa kusikiliza huzuni za watu. Kipaji chake ni kukaa na neno kifuani. Asubuhi ile ya Ijumaa waziri wake alimpigia simu, akamwagiza avunje kimya. Alijibu, "Nimekusikia, Mheshimiwa." Kisha akakaa, simu mbele yake, mpaka saa ikapita. Kufikia jioni hakuwa balozi tena.

Jumamosi Tunu aliwaita ofisini kwake, akawamiminia kahawa. Hakuna aliyekunywa.

"Mama Mkuu," Sikudhani alianza, "mtoto ana mama mmoja. Mimi ndiye niliyekizaa."

"Ukakizaa, ukakitupa jaani," Athmani alisema. "Mimi nimekiokota, nimekiosha. Bibi wee, ulimi wako ndio uliofukuza watu, wangu ndio uliowarudisha."

"Umekiosha? Umekikata mguu! Nenda kamwambie mjane wa Tunduma hiyo bei anayoimudu ni shilingi ngapi."

"Mguu mmoja na uhai, au miguu miwili na sanda? Chagua."

Musimbi alicheka, cheko fupi. Sikudhani akamgeukia.

"Na wewe unacheka nini? Umetupiga mawe wee, mpaka mkono umechoka. Leo unataka ulipwe kwa sababu umepumzika?"

"Mheshimiwa alipitiwa na usingizi," Athmani alisema. "Kwetu Pemba hatumtuzi mtu kwa kusinzia."

"Nilikuwa macho," Musimbi alisema. "Neno langu moja, na kazi yenu ingekuwa karatasi ya kufungia maandazi. Mmepoteza nini ninyi? Huyu ameongeza jina, huyu ameongeza marafiki. Mimi sina kazi."

"Kwa nini hukulisema?" Tunu aliuliza.

"Nilipinga kwa sababu hatuna wahudumu, Mama. Nikajiuliza, kifungu kikifa, ndio watapatikana?"

"Kwa hiyo umemwasi aliyekutuma," Sikudhani alisema. "Mama Mkuu, ukimpa kiti huyu, wewe utamtuma vipi?"

Swali lilimchoma Tunu kwa sababu lilikuwa la haki. Lakini hata wale wawili walikuwa na maswali ya kuulizwa. Mkurugenzi atakwenda kuomba wahudumu kwa mawaziri wa fedha: Sikudhani atatoka huko bila kumtukana mmoja? Na Athmani, siku nchi nyingine itakapotaka neno jingine liondoke, atakataa?

"Na mkifanya kazi pamoja?" Tunu alisema. "Mmoja kitini, wawili pembeni yake. Chungu hukaa kwa mafiga matatu."

"Mafiga hayatukanani, Mama," Athmani alisema.

"Wala figa halijileti lenyewe wali ukishaiva," Sikudhani alisema, akimtazama Musimbi.

Musimbi alisimama. "Chini ya yeyote kati ya hawa sifanyi kazi."

"Wala mimi," Sikudhani alisema.

Athmani aliinua mabega. "Angalau tumekubaliana jambo."

Basi nanyi mliosikia, pimeni. Pasipo kalamu, nchi zisingekuwa na kitu cha kunyamazia. Pasipo ulimi, nchi sita zisingekuwapo mezani. Pasipo aliyelimeza neno, Ijumaa ile ingekuwa siku ya mazishi. Kiti ni kimoja, na wawili watakaokikosa wataondoka na chuki yao. Je, wewe ungempeleka nani?

Jumatatu asubuhi Tunu aliingia katika ukumbi wa wajumbe. Mlango ulifungwa. Wale watatu walikaa nje, kila mmoja na benchi lake.