Mstari Kwenye Unga

Simu ziingie mfukoni kwanza. Na wewe hapo karibu na dirisha, nakuona, maliza kujibu kisha tusikilizane. Mfano wa leo nimeutunga mwenyewe, kwa hiyo msihangaike kuutafuta kwenye ramani.

Fundi mwashi mmoja alijenga nyumba yake ndani ya mlima. Sijasema juu ya mlima, nimesema ndani. Mlima huo ulilipuka zamani sana, kilele kikazama, likabaki shimo kama bakuli, pana kiasi kwamba ukisimama ukingo huu, nyumba za ukingo wa pili huzioni. Udongo wa humo mweusi, viazi vinakubali, pareto inakubali. Watu wakaingia wakalima, wakaoana, wakajenga shule na zahanati, na baada ya muda wakasahau kabisa kwamba wanaishi kwenye mdomo wa volkano. Chemchemi za maji moto zilikuwepo, wao wakawa wanafulia nguo. Ungewaambia hapa chini kuna moto, wangekuonyesha viazi.

Sasa ardhi ikaanza kutetemeka. Si tetemeko moja kubwa, hapana. Vitetemo vidogo vidogo, vingi. Vikombe vinagongana kabatini, mbwa wanabweka, kisha kimya. Unasema basi, yameisha. Unashika jembe, vinarudi. Wataalamu walikuja, wakafunga mashine yao kilimani, wakaitisha mkutano wakasema: jambo hili linaweza kuisha lenyewe, na linaweza pia kuwa mlima unaamka, na ukiamka mlima wa namna hii hakuna atakayebaki humu kusimulia. Mwenye ndugu nje ya ukingo, ahamie huko kwa muda. Walisema wazi, kwa Kiswahili, mbele ya kila mtu.

Watu waliogopa. Na mtu akiogopa anataka mikono yake ifanye kitu, si ndiyo? Ukikaa bure, hofu inakutafuna. Basi fundi wetu na wenzake wachache, mama mwenye saluni, mwalimu mstaafu, dereva wa lori la viazi, wakafungua kundi kwenye simu ili wapime mitetemo wao wenyewe. Kila mmoja akatengeneza kipimo chake. Mama wa saluni aliweka beseni la maji. Fundi alifanya kitu kizuri zaidi, maana mikono ya fundi ina akili. Alichukua timazi yake, ile kamba yenye chuma chenye ncha wanayopimia ukuta kama umenyooka, akaining'iniza kwenye boriti la sebuleni. Chini yake akaweka sinia la unga wa sembe uliochekechwa, ncha ikagusa unga kidogo tu. Ardhi ikitikisika, ncha inachora mstari kwenye unga. Mstari mfupi, mtetemo mdogo. Mstari mrefu, mtetemo mkubwa. Anapiga picha, anatuma kwenye kundi, anausawazisha unga kwa kisu, anasubiri mwingine.

Mnacheka, lakini kilikuwa kipimo cha kweli. Wakilinganisha picha waliweza kusema mitetemo ya leo imetoka upande gani. Na polepole wakagundua kwamba inasogea, inaondoka kaskazini, inakuja upande wao, na mistari inarefuka.

Hapo ndipo hofu ilipoanza kuwa tamu. Mnaijua hofu tamu? Ile unayoamka nayo asubuhi na kabla hujanawa uso umeshika simu uone kuna nini kipya. Mtetemo ukipita, wanashindana nani ameandika wa kwanza "nimeusikia". Ukikaa siku nzima bila mtetemo, mtu anaandika "jamani, mbona kimya", kama mtu anayemngoja mgeni. Wapendwa, waliingia kwenye kundi lile kwa sababu wanataka kuishi. Sasa walikuwa wanausubiri mlima.

Mke wa fundi aliliona hilo. Wanawake wanaona. Akamfuata jioni moja yuko mbele ya sinia lake, akamwambia, "Baba Atupele, hivi tunapima ili iwe nini?"

"Tukijua mapema, tutaondoka mapema."

"Mapema ndiyo lini? Kaka yangu kule nje ya ukingo ametupatia chumba tangu wiki iliyopita. Twende."

"Wiki hii haiwezekani, mama. Ndiyo kwanza mitetemo imekolea. Nikiondoka, nani atapima upande huu?"

Mmesikia hilo jibu? Hatari ikiwa ndogo, haondoki, kwa sababu ni ndogo. Hatari ikikua, haondoki, kwa sababu ndiyo imenoga. Niambieni, mtu wa namna hiyo ataondoka lini? Mkewe naye aliuliza hivyohivyo. Na hakutaka kuondoka bila mume, akabaki. Nisikilize dada, sisemi alikosea, nasema alibaki.

Kulikuwa na tatizo dogo la kiufundi. Nyumba ikitikisika, watu wanakimbia, na miguu ya watu inatikisa sakafu, na sakafu inaharibu mstari. Mtoto wao, huyo Atupele, alikuwa bado hajaanza shule. Siku ya kwanza alipousikia mtetemo aliruka kwenye mkeka akatoka mbio nje, kama Mungu alivyomuumba kufanya. Unga ukamwagika. Baba hakumpiga, hakuwa mtu wa kupiga. Alimkalisha chini akamwambia kwa upole, "Mwanangu, ardhi ikicheza, wewe kaa ulipo. Usinyanyue hata mguu mpaka baba aseme. Ukinyanyua unaniharibia mstari."

Akamfundisha. Kila mtetemo akamfundisha, mpaka mtoto akaweza kutulia nyumba ikitetemeka, macho tu ndiyo yanazunguka. Fundi akawaandikia wenzake kwa kujivuna: kwangu hata mtoto anajua kazi. Wakampongeza.

Na nyumba yenyewe ilikuwaje? Mafundi mnawajua. Nyumba za watu anazifunga mkanda wa zege juu ya ukuta, hazitikisiki. Yake ilikuwa matofali mabichi, mkanda ataweka mwakani.

Sasa ikaja siku. Mchana, jua kali, fundi yuko saluni anamtengenezea yule mama beseni lake. Ardhi ikapiga. Safari hii si vikombe, safari hii vioo vya saluni vilishuka ukutani, mama mwenye saluni na wateja wake wakatoka nje na rola vichwani, na fundi pamoja nao, mbio. Ndiyo, mwalimu wa kutulia alikimbia. Ardhi ilipopumua akashika simu, akampigia mkewe. Mkewe akapokea. Na mimi nataka mfikirie, wewe ungeuliza nini kwanza?

Yeye alisema, "Mama Atupele, mstari umefika wapi?"

Mke akasema, na sauti yake ilikuwa inatetemeka kuliko ardhi, "Mimi nilikuwa bombani. Mtoto yuko ndani. Ukuta wa jikoni umeinama umebana mlango, nafasi iliyobaki anapita yeye tu, mimi sipiti, na dirisha liko juu, silifikii. Namwita hatoki. Anasema baba amesema asinyanyue mguu."

"Mwambie atoke."

"Nimemwambia mpaka sauti imekauka. Mwambie wewe."

Akaweka simu kwenye spika, akaingiza mkono wenye simu kwenye ule upenyo. Na baba, amesimama barabarani, mbali na hapo, analia mbele za watu, akasema, "Atupele, mwanangu, nyanyuka. Toka nje. Kimbia kwa mama."

Kutoka ndani, sauti ndogo ikajibu, "Baba, nitaharibu mstari."

"Haribu," akasema. "Haribu mwanangu, mwaga unga wote, njoo."

Mtoto alitoka. Vuteni pumzi, alitoka. Amejaa unga miguuni mpaka magotini, mama akamdaka akamfunga mgongoni. Fundi akakimbia njia nzima, akafika, akapiga magoti pale uani akawaomba radhi wote wawili. Akasema nimekuwa mjinga, tunaondoka leo hii, sasa hivi. Na alimaanisha. Msifikiri hakumaanisha.

Ningependa mfano wangu uishie hapo. Ningeinua mikono tukaimba. Lakini mimi nawajua watu, na najijua mimi mwenyewe.

Mke akafunga nguo chache zilizokuwa kwenye kamba, wakaanza kuondoka. Walikuwa wamefika kwenye shamba la pareto, juu kidogo ya nyumba, simu ya fundi ikalia. Ni kundi. "Fundi, huu ni mkubwa kuliko yote. Wewe ndiye uliye karibu nao. Tuma mstari." Fundi akasimama. Akageuka akaangalia nyumba. Kupitia dirishani sinia lilionekana, mtoto alikuwa ameligusa upande mmoja tu, na upande wa pili mstari upo, umetoka katikati mpaka ukingoni, haujawahi kuonekana mstari kama ule.

"Tangulieni," akasema. "Nakuja."

Mke akamshika shati. "Baba Atupele, usirudi humo. Mtoto anakuangalia."

"Picha moja tu. Ardhi imeshatulia, huoni?"

Akapita dirishani.

Wapendwa, picha iliwafikia. Ilikuwa safi, mwanga mzuri, kila mtu kwenye kundi aliiona. Wakaanza kumwandikia, hongera fundi, kazi nzuri fundi, wewe ni mwamba. Zilikuwa pongezi nyingi, na ukuta ulikuwa umeshamwangukia, hakuna hata moja aliyoisoma.

Sasa tuzungumze sisi kwa sisi.

Fundi hakufa kwa kutokujua. Alijua kuliko jirani zake wote. Na sisi tunajua. Daktari amekuambia kuhusu presha yako, umenunua mashine, unapima asubuhi na jioni, unawatangazia watu namba, na mezani unaomba chumvi. Wewe mama, unajua kijana wako ameanza kurudi amelewa, unajua harufu, unajua rafiki zake, umeisimulia jumuiya nzima. Yeye mwenyewe umekaa naye lini? Ndoa yako inatikisika, na unaweza kutueleza kila ufa ulianza lini na nani aliuanzisha. Unapima vizuri sana, baba. Umehama lini kwenye hasira yako?

Na kanisani ndiyo tumezidi. Dalili za nyakati tunatumiana kwenye simu, video hii umeiona, mahubiri haya umeyasikia, tunatetemeka kidogo, utamu unapanda, tunasema amina. Hata toba tunaijua. Ukuta ukiinama tunapiga magoti na kulia machozi ya kweli kabisa. Ardhi ikitulia kidogo, kitu kinatuita, kidogo tu, mara moja tu, na tunapita dirishani.

Mimi hofu yangu leo si kwa wasiojua. Hofu yangu ni kwangu na kwenu, tunaojua hivi. Kuna watoto nyumbani wanatuangalia tumetulia, wanafikiri huko ndiko kuokoka.

Sasa sitafunga ibada kama mlivyozoea. Kuna mtu humu ndani anajua kabisa ni mlango gani anatakiwa kwenda kuugonga, na anajua amesema "wiki ijayo" mara nyingi. Wewe usisubiri sadaka, usisubiri matangazo, usisubiri baraka yangu. Inuka utoke sasa, uende. Hakuna atakayekugeukia kukuangalia. Kwaya, simameni, tuimbe, ili wanaotoka wasisikike.