Kisu cha Mpini wa Pembe

Kwanza rudishia huo mlango, shoga. Haya, sasa niapie. Sema, "Wallahi halitoki kinywani mwangu." Sema kwa sauti bwana, Mungu anasikia lakini na mimi nataka nisikie! Maana kisa hiki kina mhunzi ndani yake, na wajukuu zake bado wapo mtaani hapa, na wakijua nimelisema hili watakuja kunisimamia barazani mpaka adhuhuri.

Imepokewa mdomo kwa mdomo, kutoka kwa watu wa zamani wenye hofu ya Mola wao, kwamba huko bara, nyuma ya Pangani, aliishi mwindaji akiitwa Bwana Sadala bin Mwinyimvua, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mtu wa swala tano, mpole, hana neno na mtu. Ila alikuwa na kaugonjwa kamoja: kupenda kutazamwa. Kilemba chake lazima kikae upande. Hata akienda porini, ambako wa kumtazama ni nyani tu, anajipaka mafuta ya nazi kwanza!

Yeye na mkewe, Bi Mwanamize, walikaa sana bila mtoto, kisha Mola akawajalia binti, wakamwita Mashavu. Mtoto akashikwa na homa mbaya, miguu yote ikalegea kama mlenda. Sadala akalia kwenye msala, akaweka nadhiri: "Ewe Mola wangu, siku mwanangu atakapotembea, basi Ijumaa itakayofuata nitawalisha mayatima wa mji huu nyama ya porini niliyoichinja kwa mkono wangu."

Na kweli, asubuhi moja Mashavu akainuka mkekani, akajikongoja mpaka kwenye mtungi wa maji, akaukumbatia, akacheka. Mwanamize alipiga vigelegele mpaka kuku wakaruka ua!

Sasa nadhiri si mchezo. Na kisu cha Sadala kilikuwa kimekwisha kwa kunolewa, kimebaki kama sindano ya kushonea makuti. Akaenda kwa Mfaume mhunzi. Mfaume akamtandikia ngozi, akaweka visu viwili. Kimoja kifupi, cheusi, mpini wa mti uliozongwa ngozi mbichi. Kibaya, hukitazami mara mbili. Cha pili, weee! Kirefu, kimepinda kama mwezi mwandamo, mpini wa pembe ya ndovu, pete ya fedha shingoni.

"Hiki," akasema Sadala, hata hajakishika.

Mfaume akafungua kinywa, akakifunga. Akasema tu, "Mungu akubariki, bwana."

Nyumbani, Mwanamize akakigeuza kile kisu huku na huku. "Mume wangu, hiki cha kuchinjia au cha kuolea?"

"Wewe subiri Ijumaa uone watu watakavyonitazama."

"Mimi nasubiri nyama, baba."

Ijumaa ikafika. Alfajiri Sadala kaenda kukagua mitego yake. Huku nyuma masufuria ya shaba yako mekoni, mji mzima umealikwa, mayatima wamekaa safu uani, kila mmoja na kibia chake, kibakuli cha udongo, mapajani.

Kwenye mtego wa kwanza alimkuta kongoni, dume kubwa, kanaswa mguu, yu hai. Sadala akashukuru, akamwangusha, akamwelekeza kibla, akasema, "Bismillahi, Allahu Akbar," akapitisha kisu.

Kisu kikateleza! Manyoya ya kongoni magumu, yana mchanga, na chuma chenyewe kilikuwa laini, makali yakajikunja kama ukucha wa mtoto. Akakaza mkono, mpini wa pembe ukazunguka kwa jasho. Akakinoa juu ya jiwe mbiombio, mnyama anahema, anahangaika, macho yamemtoka. Sadala naye machozi yanamtoka, maana dini imetuamrisha tunoe ili mnyama asiteseke. Aliporudi shingoni, kongoni kakata roho. Hakukatwa koo, kafa kwa taabu. Kibudu.

Nafsi ikamwambia: Kata tu sasa. Damu itatoka kidogo. Watu wanangoja, mayatima wanangoja, na mtoto yule umemwombea kwa nadhiri hii. Nani atajua?

Akatazama shingo ya yule mnyama, mshipa ule aliokuwa akiutafuta kwa kisu. Akakumbuka kwamba yupo aliye karibu naye zaidi kuliko mshipa wa shingo yake mwenyewe. Akasimama, akamwacha kongoni pale na tai.

Alipoingia uani mikono mitupu, Bi Mwanakheri, mama mmoja asiyenyamaza hata akila, akawa wa kwanza: "Haa! Kisu kinang'aa, nyama haionekani! Bwana Sadala, tutafune pete?"

Watu wakaangua kicheko. Sadala angeweza kusema mitego ilikuwa mitupu. Akasema, "Kongoni nilimpata. Kanifia mkononi kabla sijamchinja, kwa sababu kisu nilikichagua ili mnitazame. Basi nitazameni."



Mwanamize akamvuta pembeni, kamkumbatia mtoto. "Na Mashavu je? Tulimwahidi Mungu leo."

"Tulimwahidi halali, mama. Kibudu hakiingii katika nadhiri. Na leo haijaisha, jua bado liko juu."

Bi Mwanakheri, mdomo wote ule, ndiye aliyekwenda kwake akarudi na kunde. "Msinitazame mimi, tieni nazi!" Mwingine akaleta mihogo, meko yakachangamka.

Baada ya swala ya Ijumaa Mfaume akamfuata Sadala nyuma ya msikiti, jasho linamtiririka. "Bwana wangu, mimi pia nina langu. Kile kisu cha pembe nilikifua cha kuchezea ngoma. Nilijua hakichinji. Niliona umefurahi, nikanyamaza. Ungekuja kwangu kunitukana ningebishana nawe, lakini umejilaumu mwenyewe mbele za watu. Nimeshindwa kula."

"Basi njoo unichagulie."

"Hapana. Chagua wewe. Ila fumba macho."

Wakaenda kwa Mfaume, visu vikatandikwa tena; Sadala akafumba macho, akalowesha kiganja maji, akapapasa mpaka akashika kile cheusi. Mpini wa ngozi ukang'ang'ania mkono. Akapapasa mgongo wa kisu, mnene, haupindi. Akapitisha makali kwenye nywele za mkono wake, zikaondoka kama zimepulizwa. Na ufupi wake ule, ukipasua tumbo la mnyama ncha haifiki kutoboa utumbo ukaharibu nyama.

"Alhamdulillahi," akasema, macho bado kayafumba.

Alasiri, kwenye mtego wa mwisho, alimkuta paa. Paa tu, kadogo! Akapitisha kisu mara moja, kwa jina la Mola wake, mnyama hata hakuhangaika. Nyama ile haikutosha mji. Iliwatosha mayatima, kibia kwa kibia, kabla ya magharibi. Na nadhiri ilikuwa ya nani? Si ya mayatima? Wakubwa wote walikula kunde, na Sadala kati yao, kilemba kimemkaa sawa.

Kile kisu kizuri Mfaume alikirudisha motoni. Chuma laini kile, akakifanya njuga ndogo, akamvisha Mashavu miguuni. Ikawa mtoto akikimbia uchochoroni, watu wanasema, "Anakuja binti Sadala," na baba yake yuko nyuma, hakuna anayemtazama, naye anacheka.

Mola hamwaibishi mja aliyesema kweli, shoga. Lililomharibikia mkononi, Yeye hulifua upya.

Haya, usiku mwema, na kiapo chako unacho. Mimi haya kanihadithia Bi Mwanamtama, muuza ubani wa pale kisimani, mjukuu wa Mfaume mwenyewe. Na alinifungia mlango akaniapisha kwanza, vilevile kama nilivyokuapisha wewe!