Vyungu Viwili vya Chande

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ni sauti ya watu ambao hawajala. Itikieni kama mlioshiba. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, zamani ambazo hata bibi yake bibi yangu alizikuta zimekwisha, palikuwa na mkwezi wa minazi akiitwa Chande. Kijiji chake nimekisahau jina, na aliyenihadithia alikuwa amelisahau pia. Chande alikuwa mwepesi. Akikwea mnazi unasikia kwaru, kwaru, kwaru, mara nazi zinaanguka, pu, pu, pu.

Nyumbani walikuwa watatu. Yeye, mkewe Siwema aliyemwoa mwaka uleule, na mama yake Bi Mashavu, aliyezaa mtoto mmoja tu na hakuchoka kuwakumbusha watu.

Jiko moja, wapishi wawili. Mnaijua habari hiyo, msijifanye wageni.

Siku moja Siwema akayasogeza mafiga hatua mbili, moshi usimwingie machoni. Kesho yake akayakuta yamerudi. Akayasogeza. Yakarudi. Sogeza, rudi. Sogeza, rudi. Hakuna aliyesema neno, na hiyo ndiyo ilikuwa shida. Mwisho wakaacha hata kusalimiana, kila mmoja akawa na mafiga yake na chungu chake.

Jioni Chande akirudi, mama anampakulia. Anakula, anamaliza. Mama anauliza chakula kikoje.

"Kitamu, mama. Kuliko cha Siwema."

Anafuta mdomo, anazunguka nyumba, anakwenda upande wa pili. Mke anampakulia. Anakula, anamaliza. Mke anauliza chakula kikoje.

"Kitamu, mke wangu. Kuliko cha mama."

Kila jioni. Chungu cha mama, chungu cha mke. Kitamu hapa, kitamu kule. Wahenga walisema wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Nyasi za nyumba hii zilikuwa zinanenepa.

Basi siku moja Chande akakwea mnazi, kwaru, kwaru. Katikati pumzi ikamwishia. Akaukumbatia mnazi, tumbo likakataa kukumbatia. Akateremka bila kupenda, kwaruuuu, pu! Mwenye shamba akamtazama pale chini, akamwambia akapumzike, msimu huu atatafuta mkwezi mwingine.

Chande akarudi nyumbani kifua kimechubuka. Mlangoni akamkuta Bi Mashavu amekalia furushi lake.

"Mwanangu," akasema, "Ijumaa haitatukuta sote wawili humu ndani. Chagua, mimi au yeye."

Chande akasema, wewe mama. Akaingia ndani. Siwema naye alikuwa anafunga furushi, akamwambia maneno yaleyale. Chande akasema, wewe mke wangu. Akatoka uani, akakaa chini, akalia. Alikuwa anawapenda wote wawili, na Ijumaa ilikuwa keshokutwa.

Kijiji hicho kilikuwa na mzee mmoja, Bibi Mwanakheri, meno matatu, akili tele. Wenye ugomvi wa mipaka walikwenda kwake. Walimu walimpelekea wanafunzi wasiosikia, na wanafunzi, Mungu awasamehe, walimpelekea walimu. Ushauri hakutoa. Alikuwa na vigoda viwili na sinia la shaba, na pakacha la kunde za kuchagua. Na alikuwa na sharti moja: kwake hakuna anayesema la kwake. Unakalia kigoda cha mwenzako, unasema la mwenzako, mpaka mwenzako mwenyewe akubali kwamba umemsema. Ukikosea, kunde moja inaanguka kwenye sinia. Ting!

Kesho yake Chande akawapeleka. Bi Mashavu akakalia kigoda cha Siwema, akajiweka sawa.

"Mimi ni Siwema," akaanza. "Ni mvivu. Naamka jua likiwa utosini."

"Huyo si mimi," akasema Siwema.

Ting!

Siwema akakalia kigoda cha Bi Mashavu. "Mimi ni Bi Mashavu. Nina wivu, na ulimi wangu haupoi."

"Huyo si mimi."

Ting!

Wakaendelea hivyo. Huyo si mimi, ting. Huyo si mimi, ting. Jua likapanda, likasimama, likaanza kushuka. Chande akahesabu milo miwili iliyompita. Bibi Mwanakheri akawa anachagua kunde zake tu, ila mara moja alisema, "Mmebadilishana vigoda. Macho mmekuja nayo yaleyale."

Bi Mashavu akakalia tena kigoda cha Siwema. Alikuwa amechoka na ana njaa, na mtu mwenye njaa hana nguvu ya kutukana. Akaitazama mikono ya Siwema, ina alama za moto. Mikono yake mwenyewe ilikuwa na alama kama hizo, alipoletwa bibi harusi katika nyumba ileile.

"Mimi ni Siwema," akasema polepole. "Kwetu nilikuwa na changu. Hapa hata nikishika upawa naulizwa nimeutoa wapi. Nilisogeza mafiga kwa sababu moshi uliniliza. Yaliporudi nikajua kwamba hapa bado mimi ni mgeni."

Siwema akajifunika uso kwa nguo. "Hapo umenisema, mama."

Chande akashtuka. Neno hilo, "mama", hakuwa amelisikia kinywani mwa Siwema kwa miezi.

Ikawa zamu ya Siwema. "Mimi ni Bi Mashavu. Nina mtoto mmoja. Tangu ana meno mawili ukoko wa wali ni wake, namkwangulia mimi. Nilipoona mafiga yamehama, nikajua atakayefuata kuhama ni mimi."

"Hapo umenisema, mwanangu," akasema Bi Mashavu, na machozi yakamtoka mbele ya watu.

Chande akaruka kwa furaha. Akasema mambo yamekwisha, twendeni tukale.

"Ngoja," akasema Siwema. "Mama, aliniambia changu ni kitamu kuliko chako."

"Mimi aliniambia changu ni kitamu kuliko chako."

"Na jana akaniambia amenichagua mimi."

"Na mimi pia."

Vichwa viwili vikageuka, taratibu, vikamtazama Chande. Ah, jamani, mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

"Kaa," akasema Bibi Mwanakheri. "Vigoda vyote viwili."

Akakaa, nusu huku, nusu kule. Akasema yeye ni mama na yeye ni Siwema, na anafurahi sana akisifiwa.

"Huyo si mimi," wakasema wote wawili. Ting, ting!

Akajaribu tena, ting, ting. Bibi Mwanakheri akaweka kunde chini. Akasema la huyu haliko mdomoni. Akapike. Chungu kimoja, cha kuliwa na wote watatu. Akishajua la kusema, arudi.

Kesho yake, Ijumaa ileile, mafurushi bado yako mlangoni, Chande akawasha moto. Moshi ukamwingia machoni. Akapuliza, fuu, ukazidi. Akayasogeza mafiga hatua mbili. Wale wanawake wakatazamana. Akatia mchele, akatia maji, akatia chumvi, akasahau, akatia chumvi tena. Tangu alasiri mpaka magharibi, macho mekundu, jasho linatiririka. Akapakua, akasimama kando, akangoja. Moyo ulimdunda kuliko akiwa juu ya mnazi.

"Chakula kikoje?" akauliza.

Bi Mashavu akatafuna. "Kitamu, mwanangu. Kuliko cha Siwema."

Siwema akatafuna. "Kitamu, mume wangu. Kuliko cha mama."

Chande akatabasamu. Kisha akaonja. Juu mbichi, chini umeungua, na chumvi inakata ulimi. Akawatazama. Walikuwa wanatafuna, nyuso zimetulia kabisa. Ikamuuma. Ilimuuma kweli, kuliko kifua kilichochubuka.

Kesho yake wakarudi kwa Bibi Mwanakheri. Chande akakaa, nusu huku, nusu kule.

"Mimi ni mama, mimi ni Siwema," akasema. "Nilikaa kwenye moshi tangu alasiri kwa ajili ya mtu mmoja. Akaja, akanipa neno tamu ili ninyamaze, akaenda zake. Sikutaka sifa. Nilitaka aone macho yangu mekundu aniulize kuna nini."

Hakuna kunde iliyoanguka.

"Hapo umetusema," wakasema.

Mafurushi yakafunguliwa. Mafiga yakakaa pale moshi usipofika, chungu kikawa kimoja. Ukoko wakaugawa mara tatu, na Chande alipata kipande kidogo kuliko wote. Tumbo likarudi nyuma, na msimu uliofuata minazi ikamsikia tena, kwaru, kwaru, kwaru.

Wakamwalika Bibi Mwanakheri. Akala, akamaliza, akalamba na kidole. Chande akamuuliza chakula kikoje.

"Chumvi imezidi," akasema bibi.

Wakacheka wote, na hakuna aliyefunga furushi.

Ndiyo maana wazee wetu walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi kabla hujamwambia mtu pole, au vumilia, au kitamu, kaa kidogo kwenye moshi wake.

Mimi chungu changu nimekikwangua mpaka chini, hadithi imebaki hapo kwenye ukoko. Na atakayeniambia ilikuwa tamu, nitamtazama machoni kwanza.