Konzi ya Udongo ya Waziri Shamlani

Katika zama ambazo majini walionekana sokoni mchana kweupe na watu wakawapisha njia kama wanavyowapisha wapagazi, alitawala katika mji wa Sharabani Sultani Nadhiri bin Shawali, mfalme mwenye ndevu nzuri na moyo mwororo, ambaye aibu yake ilikuwa moja tu, nayo ni kubwa: alimwogopa waziri wake. Na mji huo ulikuwa bara, mwendo wa siku saba kutoka pwani, na ulisifika kwa mambo mawili, ndimu zake na hati zake.

Maana watu wa Sharabani hawakuuziana wala kurithishana hata upenu wa kibanda pasi na kuandikiana. Mwandishi huchukua ngozi moja ya kondoo, akaandika hati mara mbili, juu na chini, maneno yale yale, kisha akaikata katikati kwa kisu, si kwa mstari ulionyooka bali kwa meno meno mfano wa msumeno, na nusu moja akapewa mwenye ardhi na nusu ya pili ikatiwa sandukuni kwa Kadhi. Siku ya ugomvi nusu mbili hukutanishwa, na meno yasipoingiana, mwenye hati ya uwongo hupoteza shamba na mkono pamoja. Wala hati peke yake haikutosha. Siku ya kukabidhiana watu wote hutolewa katika ardhi ile, akabaki mtoaji na mpokeaji, na mashahidi wakasimama mpakani; na mtoaji huinama, akachota konzi ya udongo kwa mkono wake, akautia katika mkono wa mwenzake na kusema: "Ardhi hii niliyoikanyaga naitoa mkononi mwangu na kuitia mkononi mwako, pamoja na vyote vilivyo juu yake na chini yake, vinavyoonekana na visivyoonekana." Basi. Hapo shamba limekwisha kuhama, na hata Sultani hawezi kulirudisha.

Katika mji huo alikuwako mjane, jina lake Mwana Rehani binti Faki. Babake alikuwa mwandishi wa hati, naye tangu utotoni alimshikia kidau cha wino, kwa hiyo alizijua hati kama wanawake wengine wanavyozijua nyimbo za harusi. Mali yake ilikuwa shamba moja la mindimu arubaini, aliyoipanda yeye na marehemu mumewe, na katikati mna kisima cha maji matamu, na pembeni, chini ya mti wa mwisho, ndipo alipozikwa mumewe. Hakuwa na ndugu wala mtoto. Shamba lile ndilo lililokuwa nyumba yake, chakula chake na mtu wake wa kuzungumza naye.

Naye Waziri Shamlani alilitamani. Alikuwa na mashamba sitini na matatu, na katika hayo sitini na matatu hakulikanyaga hata moja siku ya kulitwaa, kwani yeye alituma mawakili; mawakili ndio waliochafua mikono, yeye akaletewa hati juu ya sinia pamoja na kahawa. Akapeleka mawakili kwa Mwana Rehani mara tatu, na mara ya tatu mjane akawaambia, "Mwambieni bwana wenu, kwa heshima zote, kwamba shamba haliuzwi, na akitaka ndimu aje na kikapu, nitampa bure."

Waziri aliposikia maneno hayo alikasirika hata kilemba kikamkaa upande. Na alikuwa na pete ya shaba aliyoipata kwa hila ambazo hatuna haja ya kuzieleza, na katika pete ile amefungwa jini aitwaye Hardabushi, mtumwa wa mwenye pete kwa miaka mia saba. Akaisugua, na jini akatokea, kichwa chake kikigusa dari, akasema, "Labeka, bwana wangu."

"Nenda ukaniletee shamba la mjane yule, miti yake na udongo wake na kisima chake, ulitie humu ndani ya ukuta wangu."

"Bwana wangu, mna kaburi mle."

"Nimekuuliza kilichomo?"

Jini akainamisha kichwa, akaenda. Ilikuwa Ijumaa, saa ya sala, wanaume wote wako msikitini, na Mwana Rehani yuko sokoni na vikapu vyake. Aliporudi hakuona shamba. Aliona shimo, refu kwenda chini kuliko mnazi, lililokatwa sawasawa mipakani, na jirani yake Msellem mfinyanzi amesimama kwenye ukingo, mkono kinywani. Mwana Rehani akaketi chini palepale akalia, akalia kilio cha mtu asiyejali nani anamtazama. Na alipofuta macho akaona kitu: kule pembeni, katikati ya utupu ule, umeachwa mnara mwembamba wa udongo uliosimama peke yake, na juu yake kaburi la mumewe na majani yake, halikuguswa hata jiwe.

"Msellem," akasema, "aliyefanya kazi hii ametumwa. Hakupenda."

Asubuhi yake akenda barazani kwa Sultani na nusu ya hati kifuani. Kadhi akafungua sanduku, akatoa nusu ya pili, akazikutanisha mbele ya watu, na meno yakaingiana hata mshono usionekane. Akasoma: "Mashariki, ukuta wa mfinyanzi. Magharibi, njia ya ng'ombe. Kusini, makaburi ya kale. Kaskazini, mfereji."

Waziri akacheka. "Maulana Sultani, nani aliyebisha? Mipaka hiyo ipo, na kilichomo ndani yake ni chake, hakuna aliyemnyang'anya. Shimo ni lake. Huu udongo na miti iliyoko uani kwangu nimeamka nikaikuta. Je, kuna shahidi aliyeniona nimebeba?"

Sultani akatazama vidole vyake. Baraza zima lilijua habari za pete, na baraza zima likanyamaza. Mwisho Sultani akasema kwa sauti ndogo, "Waziri wetu, mama huyu amedhulumika. Mrudishie udongo wake."

"Sikio langu liko chini ya amri yako, Maulana," akajibu Shamlani, na akamgeukia mjane akitabasamu. "Nitamrudishia kwa mkono wangu mwenyewe. Konzi moja kila mwaka. Na aje kuichukua uani kwangu, na aje na subira."

Watu wake wakaangua kicheko. Na Mwana Rehani alikuwa ameinama, machozi yamo machoni, akalisikia neno lile, na moyo wake ukaruka. Akafuta macho kwanza, uso wake usije ukamfichua. Kisha akasema:

"Maulana Sultani, Mungu akupe umri. Mimi ni mwanamke mnyonge, nimekubali konzi moja kwa mwaka. Ila nisije mwakani nikaambiwa nimekwisha kupokea, naomba konzi hiyo ikabidhiwe kwa desturi ya mji, pawe na mashahidi, na Kadhi awepo, na bwana waziri ayaseme maneno."

Kadhi akainua uso, akamtazama, na ghafula akashikwa na kikohozi akaziba kinywa kwa ncha ya kilemba. Waziri akasema, "Maneno ni bure. Nitayasema hata mara mbili."

"Mara moja yatosha, bwana wangu," akasema Mwana Rehani.

Wakaenda wote, Sultani na Kadhi na baraza na nusu ya mji, wakasimama nje ya lango la kasri la waziri. Na kasri lile lilizungukwa na ukuta mmoja, na ndani yake nyumba na mazizi na maghala na mashamba yote sitini na matatu, kwani alikuwa ameyaunganisha yakawa ardhi moja, na katikati ya ua ndipo lilipowekwa shamba la mjane, mindimu imeanza kunyauka. Mwana Rehani akasema desturi yataka watu watoke wote, na waziri akawafukuza wake zake na watumwa na wapishi, huku akicheka, wakatoka. Lakini jini wake Hardabushi hakumtoa, bali alimnong'oneza, "Wewe simama nyuma yangu, usionekane, usitikisike." Maana waoga hawapendi kubaki peke yao hata na mjane.

Kisha Waziri Shamlani, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akainama akagusa ardhi. Akachota konzi, akaitia katika mkono wa Mwana Rehani, akasema kwa sauti kubwa ili wa nje wasikie mzaha wake: "Ardhi hii niliyoikanyaga naitoa mkononi mwangu na kuitia mkononi mwako, pamoja na vyote vilivyo juu yake na chini yake, vinavyoonekana na visivyoonekana!"

Mwana Rehani akaufumba mkono. "Nimepokea," akasema.

Kadhi akatoka mbele ya mashahidi. "Tumesikia na tumeona. Bwana Shamlani, tafadhali toka katika ardhi ya mama huyu."

"Ardhi gani? Nimempa konzi ya udongo!"

"Umempa ardhi uliyoikanyaga, nayo ni yako, ndani ya ukuta huu. Udongo aliouleta jini ni wake tangu zamani, huwezi kumpa. Sasa ulichompa ni nini, kama si chako?"

"Sikukusudia!"

"Washona mikeka wa mtaa wa Mzambarauni nao walisema hawakukusudia, wakati wakili wako alipowafanya wamtie udongo mkononi na kuyasema maneno kwa mchezo. Ukaniambia wewe mwenyewe, barazani, kwamba mashahidi hawasikii nia, husikia maneno. Niliandika hukumu hiyo kwa mkono wangu, na usiku ule sikulala."

Waziri akaisugua pete mpaka kidole kikachubuka. "Hardabushi! Waue!"

Jini akaonekana, na watu wakarudi nyuma. Akasema taratibu, "Nilikuwa nimesimama juu ya ardhi hii, nami sionekani. Nimetajwa. Mimi si wako." Na pete ikapasuka vipande viwili. Wakamuuliza Kadhi kama waziri naye hakutajwa, maana alikuwa juu ya ardhi ile na alionekana vizuri sana, na Kadhi akajibu kwamba muungwana hauziki, na kwa vyovyote mnunuzi asingepatikana. Basi Shamlani akatoka kwa lango akiwa amevaa alichovaa, na Sultani, alipomwona anapita kwa miguu, akaondokewa na hofu yake, akamvua uwaziri papo hapo.

Mwana Rehani akafungua masanduku ya hati, akazisoma siku kumi na moja, na kila shamba lililochukuliwa kwa dhuluma akamwita mwenyewe akamtia udongo mkononi. Yaliyonunuliwa kwa haki yalibaki kwake, nayo yalitosha kumfanya tajiri wa tatu katika mji. Msellem mfinyanzi akaleta posa, akakubaliwa, na harusi ikaliwa siku saba, watoto wa mji wakavimbiwa.

Lakini kabla ya hayo yote, jioni ile ile, jini alisimama mbele yake akasema, "Labeka, bibi yangu. Niamuru." Akamwamuru arudishe shamba mahali pake, naye akalirudisha, kila mti na shimo lake, akalizunguka kaburi kwa hadhari kama mtu apitaye penye mtoto aliyelala. Kisha akasema tena, "Niamuru."

"Sina amri," akasema Mwana Rehani. "Nenda zako, uko huru."

Jini hakuondoka. "Niende wapi, bibi? Miaka mia saba nimebeba majumba ya watu na mashamba ya watu. Mimi sina pahali."

Mwana Rehani akatuma aletewe ngozi ya kondoo na wino. Akaandika kwa mwandiko wa babake pembe moja ya shamba, hatua kumi kwa kumi, kuwa mali ya Hardabushi na kizazi chake, kwa kodi ya ua moja la mndimu kila mwaka, likidaiwa. Akaikata kwa meno, akampa nusu. Akawatoa watu wote. Kisha akainama, akachota udongo, na kwa kuwa mkono wa jini ulikuwa mkubwa kama ungo, akachota mara saba ili kiganja kisionekane kitupu, na akayasema maneno yote, pole pole, bila kuruka hata moja.

Na wao husema katika Sharabani kwamba anayetwaa ardhi kwa mikono ya wengine, siku ya kuitoa hutumia mkono wake mwenyewe. Ni kweli, na hekaya imefika kituoni. Ila waliopita njia ya ng'ombe jioni ile hawakutaja habari za waziri. Walitaja jini mrefu kuliko mnazi, aliyepiga magoti katika hatua kumi kwa kumi, kiganja chake kimefumbwa, akilia, na ilipita siku ya tatu ndipo alipothubutu kukifumbua.